Maradhi ya Ubongo Katika Nchi ya Wafugaji: Rhamu na Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Kiharusi kinachojulikana na kila mtu ni kile cha mdomo kupinda na mkono na mguu wa upande mmoja kulegea. Kipo kingine. Kikipiga sehemu ya ubongo inayoelewa lugha, mgonjwa hutembea vizuri na kusema bila kukwama, ila maneno yake hayashikani. Kikipiga sehemu ya nyuma, macho hubaki mazima na bado mtu haoni nusu ya kilicho mbele yake. Rhamu, mji wa mpakani kando ya mto Daua katika Kaunti ya Mandera, mgonjwa wa namna hii kwa kawaida angedhaniwa amepagawa na jini. Kumsomea Kurani na kumchoma ngozi kwa chuma cha moto ni tiba za kale miongoni mwa Wasomali, na kwa muda mrefu hazikuwa na mshindani.

Sababu mojawapo ni siasa. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1902 iliyafunga maeneo ya mbali na kuwazuia watu kuingia bila kibali. Baada ya uhuru vikafuata vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa Kaskazini Mashariki hadi 1991. Hospitali na madaktari walikuwa wachache mno. Kwa hiyo mengi ya yanayojulikana kuhusu maradhi ya ubongo huko yaliandikwa wakati wa milipuko, wachunguzi wa nje walipofika.

Mlipuko mkubwa ulikuja na mvua za El Niño mwishoni mwa 1997. Mafuriko yalizalisha mbu kwa wingi, mbuzi na kondoo wakatupa mimba, na watu wakafa wakitokwa damu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, ambayo virusi vyake viligunduliwa karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Katika wilaya ya Garissa pekee ilikadiriwa kwamba watu wapatao 27,500 waliambukizwa. Ugonjwa ulirudi tena mwishoni mwa 2006, na Garissa ikaathirika vibaya.

Damu ndiyo iliyotangazwa, lakini mlipuko wa Misri mwaka 1977 ulikwisha kuonyesha kwamba virusi hivi hushambulia pia macho na ubongo. Mfugaji humchinja mnyama mgonjwa, hushikwa na homa kwa siku chache, kisha huinuka na kurudi machungani. Wiki moja hadi nne baada ya dalili za kwanza, kichwa humuuma vikali, husahau majina, huona visivyokuwepo, hupata degedege au hupoteza fahamu. Mwingine hupoteza uwezo wa kuona kilicho katikati, naye huenda asione vizuri tena. Wanaofikia hali hii ni wachache, chini ya mmoja kwa mia kwa upande wa ubongo. Hata hivyo pengo hilo la wiki ndilo linalopoteza ushahidi: homa imekwisha sahaulika, na hakuna anayeihusisha na nyama ya mwezi uliopita.

Mvua hizo hizo za El Niño zilileta malaria kali Wajir mapema 1998, mahali ambapo ukame uliwanyima watu kinga ya mazoea. Malaria ikipanda kichwani, mtoto hutetemeka na kuzimia ndani ya saa chache, na mtu mzima huweza kuropoka.

Brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, haingoji mafuriko. Hupitia maziwa mabichi ya ngamia, mbuzi na ng'ombe, na hupitia pia mikono ya anayemsaidia mnyama kuzaa au kutupa mimba. Watu wengi hupata homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Kwa wachache bakteria huingia katika mfumo wa neva: sikio hupoteza usikivu, uso hulegea upande mmoja, tabia hubadilika, au kijana asiye na shinikizo la damu hupooza kwa sababu mishipa ya ubongo imevimba. Hii ndiyo sura inayostahili kukumbukwa zaidi Rhamu, maana inatibika. Dawa mbili au tatu za kuua bakteria hutumiwa pamoja kwa miezi kadhaa, ilimradi mhudumu awe ameuliza mgonjwa anakunywa maziwa gani na kama huchemshwa kwanza.