Neno Lililowalaza Mabaharia
Hebu fikiria kulala juu ya mbao za sitaha, merikebu ikiyumba nawe ukibiringika. Ndivyo walivyolala mabaharia wengi wa Ulaya kabla ya 1492, Christopher Columbus alipowakuta Wataino wa visiwa vya Karibi wakilala kwenye nyavu za pamba zilizoning'inizwa. Walikiita kitanda hicho hamaca. Chombo kikilalia upande, chenyewe hubembea tu, mlalaji akatulia. Asubuhi hukunjwa, nafasi ikabaki ya kazi. Mwaka 1597 jeshi la majini la Uingereza likakiidhinisha, na Waingereza wakalitohoa neno: hammock. Wataino je? Katika miongo michache, wengi wao waliangamizwa na maradhi, vita na utumwa. Basi tusiyadharau maneno ya mkopo. Mengine ni ushahidi wa walionyang'anywa kila kitu isipokuwa neno.