'Unchained Melody': Wimbo wa mahaba uliotokana na filamu ya gereza

Wengi huuhusisha wimbo 'Unchained Melody' na filamu 'Ghost' ya mwaka 1990. Hata hivyo, Alex North aliyetunga muziki na Hy Zaret aliyeandika maneno waliuandaa kwa ajili ya 'Unchained' (1955), filamu kuhusu maisha katika gereza la Chino, California.

Humo, Todd Duncan, Mmarekani mweusi, anauimba akiigiza mfungwa. Jina lake, lenye maana ya kufunguliwa minyororo, latokana na filamu. Halimo katika beti zake.

Uliwania tuzo ya Oscar mwaka 1956, ukashindwa. Filamu ilisahaulika, wimbo ukadumu: mwaka 1965 Bobby Hatfield wa Righteous Brothers aliuimba peke yake, na ni sauti yake iliyosikika katika 'Ghost'.