Waziri na Mzigo Wake

Katika hekaya za pwani hakuna sultani asiyekuwa na waziri. Sultani huota ndoto, waziri akamtafutia mfasiri. Sultani hughadhibika, waziri akangoja mpaka ghadhabu ipoe. Sultani huamuru mtu akatwe kichwa, na waziri ndiye ajuaye kuirefusha njia ya kwenda uwanjani hata bwana wake azindukane. Wasimulizi hawakuona haja ya kueleza waziri ni nani. Msikilizaji alimjua: ndiye mtu wa pekee aliyeweza kumwambia mwenye enzi neno la kweli, na kesho yake akaonekana tena barazani.

Neno lenyewe lilifika na Kiarabu, na wapo wajuzi wa lugha wanaolinasibisha na wizr, yaani mzigo. Waziri, kwa maana hiyo, ni mchukuzi wa mzigo pamoja na mwenziwe. Katika Suratu Taha, Nabii Musa alipouona uzito wa kazi aliyopewa, alimwomba Mola wake amjaalie waziri katika ahali zake, nduguye Haruni. Mzigo mmoja, mabega mawili. Basi waziri yeyote wa historia huweza kuulizwa swali moja: mzigo anaouchukua ni wa nani?

Zanzibar ina jambo la kulisema juu ya swali hilo, kwani hapa usultani ulifungwa kwenye kamba za katiba, na mkuu wa serikali akawekwa kando ya kiti cha enzi. Habari hiyo ilianza mwaka 1891 na ikaishia alfajiri moja ya mwaka 1964.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mengine. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na makatibu, makadhi na maliwali, lakini serikali ilikuwa ni yeye. Hazina ya nchi na mfuko wake havikutengwa. Aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 hakumwomba mtu idhini ya matumizi. Mwaka 1890 nchi ikaingia chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka uliofuata balozi wa Kiingereza, Gerald Portal, akaupindua utaratibu huo wa kale. Mapato ya dola yalitengwa na mali ya Sultani, Seyyid Ali bin Said akakatiwa posho maalumu, na idara za serikali zikawekwa mikononi mwa Wazungu. Juu yao akateuliwa Waziri wa Kwanza: Lloyd Mathews.

Mathews alikuwa afisa wa jeshi la majini la Kiingereza, aliyefika katika bahari hizi na manowari ya London katika kazi ya kuzuia biashara ya watumwa. Mwaka 1877 Barghash alimpa kazi ya kuunda jeshi lake jipya, na hivyo aliingia Zanzibar kwa mlango wa utumishi wa Sultani. Alikuwa mtumishi hodari na alidumu katika uwaziri mpaka kufa kwake, Oktoba 1901. Lakini cheo alichopewa mwaka 1891 kilikuwa na sharti ambalo hekaya haikulijua: Sultani hakuwa na uwezo wa kumwondoa. Hapo ndipo maana ya neno ilipopasuka. Waziri asiyeweza kuondolewa na bwana wake ana bwana mwingine, japokuwa kila asubuhi humwamkia yule wa kwanza kwa heshima zote.

Jambo hilo lilidhihirika tarehe 25 Agosti 1896, alipofariki Seyyid Hamad bin Thuwaini. Seyyid Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la baba yake bila ya kungoja ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye, saa tatu ya asubuhi ilipopita kidogo, mizinga ya manowari ililipigia jumba hilo kwa muda usiotimia saa moja. Jioni ya siku hiyohiyo Seyyid Hamoud bin Muhammed alikuwa kitini, na Mathews bado alikuwa Waziri wa Kwanza. Masultani wawili walikuwa wameondoka, mmoja kwa mauti na mmoja kwa mizinga, waziri hakutikisika.

Alipokufa Mathews alifuatia Rogers. Mwaka 1902 Hamoud akafariki, na kwa kuwa mwanawe, Seyyid Ali, alikuwa hajafika umri wa kutawala, Rogers akashika na unaibu wa kiti hadi 1905. Katika hekaya, waziri akikikalia kiti cha bwana wake, msikilizaji hujua kwamba hatari imeingia mjini. Katika madaftari ya serikali lilikuwa jambo la kawaida la utawala. Walipita kisha Raikes na Barton, na ilipofika 1914 cheo hicho kikafutwa: kazi za Waziri wa Kwanza na za balozi ziliunganishwa katika mtu mmoja, Rezidenti wa Kiingereza. Pengine huo ulikuwa ukweli zaidi kuliko uliotangulia. Kile kilichokuwa kimoja kwa matendo sasa kilikuwa kimoja kwa jina.

Karibu nusu karne Zanzibar ikaishi bila ya waziri wa namna hiyo, nayo ndiyo zama ndefu ya Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960. Cheo kilirudi kwa sababu nyingine. Mwaka 1960 Sir Hilary Blood aliletwa kupendekeza katiba mpya, na katiba hiyo ikataka Waziri Kiongozi atokane na wananchi waliochaguliwa. Kwa mara ya kwanza mzigo ulitarajiwa kuwa wa watu.

Lakini watu wenyewe walikuwa wamegawika nusu kwa nusu. Katika uchaguzi wa Januari 1961 Afro-Shirazi ilipata viti 10, mmojawapo Chake Chake kwa tofauti ya kura moja tu. Hizbu ilipata viti 9. Na chama cha watu wa Unguja na Pemba, ZPPP, kilipata vitatu. Hao watatu wakatengana, wawili huku na mmoja kule, na mizani ikasimama 11 kwa 11. Mwingereza, Geoffrey Lawrence, akakishika cheo kwa muda. Uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni. Fujo zikazuka, watu 68 wakauawa. Vyama viwili vikubwa vilipata viti kumi kumi, na ZPPP vitatu vilevile. Kwa hivyo vitatu ndivyo vilivyoamua, na kiongozi wao, Sheikh Muhammad Shamte Hamadi, mwalimu kutoka Pemba, akawa Waziri Kiongozi kwa muungano wake na Hizbu.

Ni rahisi leo kumlaumu, na ni rahisi vilevile kumtetea. Kwa kanuni za mabaraza hakukosea: mwenye kuungwa mkono na wajumbe wengi ndiye hushika serikali. Tarehe 24 Juni 1963 akawa Waziri Mkuu, na katika uchaguzi wa Julai muungano wake ukapata viti 18 katika 31, chama chake mwenyewe kikiwa na sita. Lakini Afro-Shirazi, iliyokuwa na viti 13, ilikuwa imepata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote. Hesabu ya viti na hesabu ya watu hazikukutana. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura walitazama serikali ikipita, wasimwone ndani yake mchukuzi wa mzigo wao.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963. Sultani alikuwa Seyyid Jamshid bin Abdulla, mfalme wa kikatiba, na mbele yake Waziri Mkuu ambaye sasa hakuwa na balozi wa kigeni nyuma ya mgongo wake. Hatimaye cheo kilikuwa kama kilivyoandikwa. Nchi ikapokewa katika Umoja wa Mataifa tarehe 16 ya mwezi huo. Serikali ikaanza kuwaondoa polisi waliozaliwa bara, na baadhi yao wakatoka na ujuzi wa silaha na uchungu moyoni. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni vilishambuliwa. Sultani akapanda meli; mawaziri wakajisalimisha; damu nyingi ikamwagika katika siku zilizofuata, na nyumba nyingi za visiwa hivi zingali na majina ambayo hutajwa kwa sauti ya chini. Uwaziri mkuu wa dola huru ya kifalme ulidumu siku 33.

Usultani ukafutwa, lakini neno halikufutika. Abdulla Kassim Hanga aliitwa Waziri Mkuu katika siku za mwanzo za Mapinduzi. Mwaka 1983 Zanzibar ikawa tena na Waziri Kiongozi, na cheo hicho kilidumu hadi 2010, yalipofanywa mabadiliko ya katiba ili washindani wa jana wakae katika serikali moja, nafasi yake ikachukuliwa na Makamu wawili wa Rais. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Seyyid Jamshid, baada ya kukaa Uingereza kwa miaka mingi, alifariki Oman mwaka 2024.

Watoto wa pwani bado husimuliwa hekaya za sultani na waziri wake. Msimulizi hutaja mji, hutaja jumba, hutaja ghadhabu za mwenye enzi, kisha humleta waziri. Yule aliyechukuliwa kwenda kukatwa kichwa hatajwi jina lake, lakini ni kwa ajili yake waziri huirefusha njia.