Bustani ya Jeevanjee na Neno "Bunge"

Mgeni aingiaye katika Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, huona kwanza miti na viti. Lakini bustani hiyo ina nafasi katika historia ya neno moja la Kiswahili.

Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, aliwapa watu wa mji bustani hiyo mwaka 1906, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote nchini, hawakupata kiti mpaka mwaka 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu.

Mwaka 1991 ulizuka mpango wa kujenga maegesho ya magari na majumba mahali hapo. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza upinzani, na mpango ukaachwa. Katika miaka hiyo ya 1990 watu wa kawaida walizoea kukutana bustanini, wakajadili mambo ya nchi kwa zamu, na mkutano wao wakauita Bunge la Mwananchi.

Hivyo neno lililohusishwa na jengo, wabunge na walinzi langoni likapewa maana pana zaidi: mahali popote ambapo mtu husikilizwa pasipo kuulizwa nani aliyemteua. Sanamu ya Malkia iliharibiwa mwaka 2015. Lau bustani ingalijengwa, maana hiyo ingalikosa pa kuketi.