Korija za Boriti: Kukadiria Ukarabati katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Gharama za kutengeneza nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambazo nyingi kati ya zinazosimama hadi leo zilijengwa katika karne ya 19, kwa muda mrefu zilihesabiwa kwa kipimo kilichotoka mikokoni. Boriti, yaani mti mnene wa mkoko unaobeba dari, huweza kulazwa baina ya kuta zilizoachana kwa mita 2.5 hadi 3 tu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo vikawa virefu na vyembamba hata katika majumba ya matajiri ambao hawakukosa fedha wala kiwanja. Miti hiyo, iliyoletwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu, iliuzwa kwa korija, yaani mafungu ya miti 20, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito na pau nyembamba, mazio ya wastani, kisha boriti na nguzo. Fundi mwashi aliyeitwa kutazama dari iliyolegea, akishajua urefu wa chumba na nafasi iliyoachwa kati ya boriti moja na nyingine, aliweza kutaja korija zitakazohitajika, chokaa itakayochomwa na vibarua wa kulipwa, bila kuandika chochote.

Ugumu haukuwa katika hesabu bali katika kujua ubovu umefika wapi. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, na juu yake hupigwa lipu ya chokaa, ambayo huzuia mvua isipenye lakini huruhusu unyevu uliomo ndani ya ukuta ukauke. Mlizamu, yaani mfereji unaotoa nje maji ya juu ya nyumba, ukiziba, maji hurudi ukutani, udongo hulainika, na ncha ya boriti iliyozama ndani ya mawe huanza kuoza pasipo kuonekana, huku sehemu yake iliyo wazi chumbani ikibaki ngumu kama ilivyokuwa. Kwa hiyo mkaguzi hodari hugonga lipu asikilize panapolia utupu, kisha huchoma kwa ncha ya chuma pale mti unapoingia ukutani, kwa kuwa katikati ya boriti hapamwambii kitu. Kazi ya siku moja ya kuzibua mlizamu, ikiahirishwa misimu kadhaa ya masika, huishia katika kubadilisha safu nzima ya boriti pamoja na sakafu ya chokaa iliyo juu yake, na makadirio yoyote yasiyouliza maji yametoka wapi hukadiria dalili tu.

Taasisi iliyoyapa makadirio hayo uzito wa kisheria ni wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe wala kurithiwa ili mapato yake yaendeshe msikiti, yasaidie maskini au yanufaishe kizazi cha aliyeitoa. Kwa kawaida ya sheria ya Kiislamu, mapato ya nyumba ya wakfu hutumika kwanza kuitengeneza, ndipo salio ligawiwe wanufaika, na hivyo msimamizi wake, mutawali, alilazimika kujua mapema matengenezo yatameza kiasi gani cha kodi. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya himaya ya Waingereza, usimamizi wa wakfu nyingi uliwekwa mikononi mwa kamisheni ya serikali, na mashauri ya fundi yakaanza kuingia katika majalada. Utaratibu huo ulikuwa mzuri kuliko matokeo yake, kwani nyumba iliyopangishwa kwa kodi ndogo haikuweza kujilipia boriti zake hata hesabu zake zingekuwa sahihi namna gani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mjini zilitaifishwa na kugawiwa wapangaji waliolipa kodi ndogo mno au wasiolipa kabisa, mara nyingi familia kadhaa katika nyumba moja. Uamuzi huo uliwapa makazi watu waliokuwa wamenyimwa, lakini ulimwondoa mtu yeyote mwenye sababu ya kuhesabu gharama, kwa kuwa mpangaji hakuwa na mamlaka juu ya paa wala serikali haikuwa na fungu la kulitengeneza. Nyumba zilianza kuporomoka, hasa nyakati za mvua. Utafiti uliofanywa na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndio uliolitazama tatizo hili kwa mji mzima, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nyumba kadhaa za serikali ziliuzwa kwa watu binafsi kwa sharti la kuzikarabati, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Hapo makadirio yalipata wasomaji wapya, wafadhili na wawekezaji waliotaka bei kwa mita ya mraba, na saruji, ambayo ni rahisi kununuliwa na kupimwa, ikaonekana kuwa nafuu. Unafuu huo ulikuwa wa karatasini, kwa sababu lipu ya saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa udongo na kuuharakisha ubovu uliokusudiwa kuondolewa. Vilevile upatikanaji wa boriti ulikuwa umebadilika, kwani Kenya ilizuia usafirishaji wa miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982.

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 kwa nguzo za chuma na kumbi pana zisizofuata kipimo cha boriti, lilikwisha kuporomoka sehemu mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake wa mbele ukaanguka na kuua watu wawili wakati likiwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Wakadiriaji majenzi wanaoshughulikia majengo ya namna hiyo hulazimika kutoa hesabu kwa awamu mbili, ya kwanza ikiwa na fungu la tahadhari kwa yasiyoonekana, na ya pili ikiandikwa baada ya lipu kubanduliwa na ncha za miti au vyuma kuwekwa wazi, na mfadhili anayedai jumla moja kabla ya hapo huwa anadai ubashiri.