Leseni za droni nzito za kilimo nchini Marekani

Droni nzito ya kilimo, kwa sheria za Marekani, ni ile inayofikia ratili 55 (karibu kilo 25) au zaidi inaporuka, pamoja na mzigo wake. Droni nyingi za kunyunyizia huvuka kiwango hicho tangi likijaa, hivyo haziwezi kutumia Kanuni ya 107, inayohusu droni ndogo. Mwendeshaji huomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga (FAA) msamaha chini ya kifungu cha 44807, kisha cheti cha Kanuni ya 137 cha unyunyiziaji wa kilimo kwa ndege. Mwaka 2015 helikopta isiyo na rubani ya Yamaha RMAX ilipata msamaha wa kunyunyizia mashamba.

Kanuni ya 137 haihusu sumu tu. Kumwaga mbolea au kupanda mbegu kutoka angani pia kumo. Hata droni ndogo ya kunyunyizia huhitaji cheti chake. Rubani huwa na cheti cha kurusha droni, na chombo kizito husajiliwa kwa namba inayoanza na N.

Wengi husahau upande wa ardhini, nao ndio unaogusa afya za watu moja kwa moja. Kila jimbo hutoa leseni yake ya kunyunyizia viuatilifu kibiashara, na masharti ya lebo ya dawa yana nguvu ya sheria ya shirikisho. Dawa ikipeperushwa na upepo hadi shamba la jirani, cheti cha FAA hakimwondolei mwendeshaji wajibu.