Ukuta wa Gereza Hauzuii Kifua Kikuu

Ukiwa mkazi wa Jinja, bila shaka umelisikia jina la Gereza la Kirinya. Huenda ukadhani kwamba maradhi ya walio ndani hayakuhusu. Historia inatufunza vinginevyo.

Kifua kikuu huambukizwa kwa njia ya hewa. Mgonjwa akikohoa, hutoa bakteria ambao Robert Koch aliwatangaza mjini Berlin mwaka 1882; chumba chenye msongamano na hewa haba huwarahisishia kuenea. Lakini askari magereza hurejea nyumbani jioni, na jamaa huja kumzuru ndugu yao. Mahabusu, yaani mtu anayezuiliwa kabla kesi yake haijaamuliwa, huweza kuachiliwa siku yoyote akapanda gari kwenda kwao Mbale.

Hapo ndipo penye ugumu. Zamani matibabu yalichukua miezi 18 au zaidi, hivyo mfungwa wa mwaka mmoja angetoka kabla ya kumaliza dawa. Ndipo watafiti wa Afrika Mashariki na Uingereza wakashirikiana kuwatibu wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba miezi 6 ingeweza kutosha iwapo rifampisini ingeongezwa kwenye streptomisini na isoniazidi. Tiba fupi iliyoenea duniani baadaye ilijengwa pia juu ya kazi hiyo.

Hata miezi 6 ni mingi kwa mahabusu. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Nelson Mandela, kiongozi ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu kifungoni mwaka 1988. Kanuni ya 24 yataka mfungwa atibiwe sawa na raia aliye huru, na matibabu yake yaendelee bila kukatika. Yakikatika, bakteria waliosalia huweza kuwa sugu, na tiba ikawa ngumu zaidi.

Mataifa yametupa dawa na kanuni. Lililobaki ni letu: muuguzi wa gereza amwandikie barua mwenzake wa hospitali ya nyumbani, nasi tumpokee anayerudi. Je, jirani yako akitoka gerezani na pakiti ya vidonge mkononi, utamkwepa, au utamkumbusha saa ya kuvimeza?